Makopo ya Tamiya kwenye Datsun ya Safari: praima ndiyo ya kulipia

Anayenunua seti ya Hasegawa, modeli ya plastiki ya kuunganisha, ya Datsun 240Z, ile ya gari namba 11 lililoshinda mbio za magari za Safari ya 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, kwanza huuliza: nyekundu ipi? Swali hilo huja mapema mno. Kazi hii inataka makopo manne makuu ya Tamiya, watengenezaji wa rangi za modeli: praima (rangi ya msingi), nyekundu, nyeusi na klia (tabaka angavu la juu). Kati ya hayo, nyekundu ndiyo yenye mbadala wengi kuliko yote, na ukikosea chapa hasara ni ndogo. Praima ndiyo inayoamua kama gari litafanana na gari au na mwanasesere wa sokoni. Kwa hiyo makopo haya hatutayapima sawasawa. Tutakaa sana pale penye pesa yako na kupita haraka pengine.

Seti yenyewe ni ya uwiano wa 1/24, na bodi ikikamilika ina urefu wa sentimita 17 hivi. Jambo la kujua kabla ya kuagiza rangi ni kwamba karatasi ya maelekezo ya Hasegawa inataja namba za rangi za GSI Creos, chapa nyingine ya rangi za modeli, si za Tamiya. Usiende dukani na namba hizo ukitegemea muuzaji wa Tamiya akuelewe. Nenda na picha ya gari.

Kuna hesabu moja inayoeleza kwa nini modeli nyingi huonekana nene. Rangi ya gari halisi kutoka kiwandani, tabaka zote pamoja, ina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Weka unene huohuo juu ya modeli ya 1/24, kisha uzidishe kwa 24: ni sawa na kulipaka gari halisi rangi yenye unene wa milimita 2.4. Mistari ya milango inajaa, nembo zinazama, kingo za madirisha zinakuwa za mviringo. Ndiyo maana kabla ya kupuliza chochote, mistari ya milango, boneti na buti hupitishwa mgongo wa kisu cha kukatia mara mbili tatu ili iingie ndani zaidi. Tumia mgongo, si makali: makali husukuma plastiki pembeni na kuacha ukingo ulioinuka. Mstari wa kalibu, alama ya pale vipande vya kalibu vilipokutana, unaopita juu ya mabawa ya mbele na kando ya paa usuguliwe kwa msasa wa maji namba 600, kisha 1000. Ukiuacha, rangi nyekundu inayong'aa itautangaza. Baada ya hapo osha bodi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, uianike, na usiishike tena kwa vidole vitupu. Ibandike juu ya kopo tupu au chupa kwa tepu upande wa ndani, ili uweze kuizungusha bila kuigusa.

Praima sasa. Tamiya wana aina mbili zinazochanganywa na wanunuzi: ile ya kawaida na ile iliyoandikwa Fine. Ya kawaida ni nzito kidogo na huziba mikwaruzo, na hapo ndipo ubaya wake ulipo kwa bodi ya gari, kwa sababu huziba na vitu usivyotaka vizibwe. Chukua Fine, kopo la ml 180. Inapatikana kwa kijivu, nyeupe, waridi na nyekundu ya kutu. Kwa Datsun hii chukua ya waridi, na si suala la urembo. Rangi nyekundu hupitisha mwanga. Ukiiweka juu ya kijivu inakuwa kama damu iliyokauka, na ili uing'arishe unaongeza tabaka la nne na la tano, halafu unarudi kwenye hesabu ya unene. Ukiiweka juu ya nyeupe, kingo na migongo ya mabawa, ambako rangi hukaa nyembamba, huonekana kupauka. Waridi husamehe pande zote mbili: nyekundu inafunika kwa tabaka mbili hadi tatu na kingo zinabaki na joto lilelile.

Ikiwa seti uliyo nayo imemiminwa kwa plastiki ya rangi, hasa nyekundu, kuna hatari nyingine: rangi iliyo ndani ya plastiki hupanda na kutokea kwenye tabaka za juu, siku moja au wiki moja baadaye. Puliza kwanza tabaka nyembamba la rangi ya fedha, liache likauke, kisha praima. Chembe za alumini hutengeneza ukuta.

Praima hii hupulizwa kutoka sentimita 20 hadi 25. Anza kubonyeza kabla kopo halijafika kwenye bodi, na achia baada ya kuipita. Tabaka la kwanza liwe ukungu tu, plastiki ionekane chini yake. Subiri dakika 10, weka la pili lililolowa kiasi. La tatu ni la pale ambapo hapajafunikwa. Sehemu ambazo watu husahau ni chini ya kingo za milango, ndani ya matundu ya taa, na pale nguzo za kioo zinapokutana na paa; zianze hizo kabla ya paa na boneti. Ikishakauka usiku kucha, ishike kwenye mwanga wa pembeni. Mikwaruzo ya msasa 600 uliyodhani umeimaliza itajitokeza. Hiyo ni faida ya praima: kukuambia mapema. Sugua kwa 1500 penye kasoro, rudia ukungu mmoja, na bodi nzima ipitishwe 2000 yenye maji kwa mkono mwepesi. Ukitokeza plastiki kwenye ukingo, rudia hapo kabla ya nyekundu, la sivyo doa litaonekana.

Upungufu wake? Kopo hutoa kwa nguvu, na tone la kwanza mara nyingi ni chafu. Puliza mara mbili kwenye karatasi kabla ya kuelekeza kwenye bodi. Harufu ni kali, dirisha wazi halitoshi peke yake, vaa barakoa ya mvuke yenye chujio la makaa. Ya kitambaa haizuii mvuke hata kidogo.

Nyekundu ni TS, kopo la ml 100. TS ni laka ya kutengenezwa kwa ajili ya plastiki ngumu ya modeli, na kopo moja linatosha bodi mbili za ukubwa huu kwa mtu mwangalifu. Usichukue PS kwa sababu tu jina linafanana na kopo ni zuri: PS ni ya bodi laini zinazopinda za magari ya rimoti, na huila plastiki hii. TS-8 na TS-49 ndizo nyekundu mbili zinazobishaniwa zaidi. Kwa gari la rali lililopigwa picha kwenye jua la Kenya zaidi ya miaka 50 iliyopita, kwa filamu za wakati ule, ubishi huo hauna mwisho. Chagua inayokupendeza ukiwa umepuliza kijiko cha plastiki juu ya praima ileile ya waridi. Mfuniko wa kopo haukupi rangi ya kweli.

Kabla ya kupuliza, weka kopo kwenye maji ya uvuguvugu, yale ambayo mkono unakaa bila taabu, kwa dakika tano hadi kumi. Kamwe yasiwe ya moto na kamwe si kwenye jiko: kopo lina gesi inayowaka na kikomo chake ni nyuzi 40. Uvuguvugu hupandisha shinikizo kidogo na kuilainisha rangi, matone yanakuwa madogo, na vipele kama vya ganda la chungwa vinapungua sana. Tikisa dakika nzima baada ya gololi kuanza kulia.

Tabaka mbili za ukungu, dakika 10 hadi 15 kati yake, kisha moja la kulowesha. La kulowesha ndilo linalowashinda wengi. Liwe limelowa kiasi cha kuakisi taa, lakini mkono usisimame. Ukisita nusu sekunde juu ya bawa, rangi inachuruzika. Ikichuruzika, usiiguse. Usiifute. Iache siku mbili hadi tatu, sugua chirizi peke yake kwa 1500 ukiwa umeufunga msasa kwenye kipande kigumu, kisha uweke tabaka jingine. Anayefuta rangi mbichi kwa kidole huanza upya kutoka plastiki.

Hali ya hewa ina neno lake hapa, na maelekezo ya Kijapani hayawafikirii watu wa Mombasa na Dar es Salaam. Kiyeyushi kinapoondoka kwenye rangi huipoza bodi. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, matone ya maji hujitokeza juu ya rangi na kuacha ukungu mweupe. Nyekundu huwa kama maziwa yamemwagika juu yake. Pwani, msimu wa mvua, usipulize asubuhi wala usiku. Subiri mchana wenye jua na upepo, na bodi ikae chumba kilekile kwa saa nzima ili iwe na joto la hewa. Ukungu mweupe ukijitokeza, mara nyingi tabaka jembamba la rangi ileile siku kavu huuyeyusha na kuuachia utoke. Nairobi tatizo hugeuka: hewa kavu na mwinuko hufanya kiyeyushi kikimbie kabla tone halijatua, na uso unakuwa wa mchanga. Huko sogea karibu kidogo, sentimita 15 hadi 18, na uongeze mwendo wa mkono.

Kuhusu mbadala: maduka ya vipuri vya magari, Kirinyaga Road ya Nairobi au Gerezani ya Dar es Salaam, yana makopo ya ml 400 ya rangi za magari kwa bei ndogo zaidi. Yanaweza kutumika juu ya praima ya Tamiya, lakini viyeyushi vyake ni vikali zaidi. Jaribu kwanza kwenye fremu ya plastiki ya seti, ile inayobaki baada ya kukata vipande, ikiwa imepigwa praima. Ukiona uso umekunjamana au umepata nyufa nyembamba kama za udongo mkavu, achana nalo. Matone yake pia ni makubwa, yametengenezwa kwa bampa la gari zima. Lisilofaa kabisa kubadilishwa kwa hayo ni praima: praima za magari ni nene na zimekusudiwa kusuguliwa kwa 400. Duco, rangi ya magari ya kupimiwa, nayo inafaa kwa mwenye bunduki ndogo ya rangi na kompresa, ikizimuliwa hadi iwe nyepesi kama maziwa fresh na kupulizwa kwa tabaka kavu kavu.

Sasa boneti nyeusi isiyong'aa, na hapa tunatofautiana na wengi. TS-6, nyeusi kavu kabisa, kwenye modeli hugeuka kama masizi, hushika alama za vidole na haiwezi kusuguliwa. TS-29, ya kung'aa nusu, iko karibu zaidi na macho yanavyotarajia kwa umbali huo. Tena ni laini zaidi, na stika ya maji ikiwekwa juu yake haishiki hewa nyingi chini. Uso mkavu una vijishimo; hewa hubaki ndani yake, na pembezoni mwa stika panang'aa kama fedha. Hakuna klia ya kuondoa hilo baadaye.

Funika kwa tepu ya Tamiya ya manjano, milimita 6 kwenye mpaka, kisha karatasi na tepu pana kwa bodi iliyobaki. Tepu za karatasi za mafundi rangi ni nene, rangi hupenya chini yake. Nyekundu iwe imekaa angalau siku mbili kabla ya kubandika tepu. Bonyeza ukingo kwa kijiti cha meno, hasa pale unapovuka mstari wa bawa. Tabaka la kwanza la nyeusi liwe kavu, lipulizwe kutoka upande wa tepu kuelekea ndani, ili lizibe ukingo badala ya kusukumwa chini yake. Ng'oa tepu baada ya dakika 20 hadi 30, ukiivuta nyuma juu yake yenyewe, si kwenda juu.

Stika baada ya hapo. Maji ya uvuguvugu, sekunde 20 hadi 30, toa na usubiri juu ya karatasi hadi iteleze yenyewe. Stika ndogo hulainishwa kwa Mark Softer ya GSI Creos. Ikikunjamana baada ya kupakwa, ondoa mikono. Itajilaza. Namba ya mlangoni ivukapo mstari wa mlango, subiri ikauke, ichane kwa wembe mpya kufuata mstari, kisha weka tone jingine. Iache bodi siku mbili.

Klia, TS-13. Ni nzuri, inang'aa kweli, haigeuki njano haraka, lakini ina hasira na stika. Ni laka yenye kiyeyushi kikali, na ukiimwaga ikiwa imelowa juu ya stika, stika hukunjamana au kupasuka mbele ya macho yako. Tabaka tatu za kwanza ziwe ukungu mkavu, dakika 15 hadi 20 kila moja, hata kama uso unaonekana mbaya na wa mchanga. Ndizo zinazojenga ganda la kuilinda stika. La nne liwe la wastani, la tano la kulowesha. Usipulize la sita. Boneti ifunikwe wakati wote huu, la sivyo nyeusi yako itang'aa kama nyekundu. Stika za boneti zifungwe baadaye kwa ukungu wa TS-79, ya kung'aa nusu.

Kuna wanaopeleka bodi kwa fundi wa magari apige klia ya hadina, ile inayochanganywa na dawa ya kuigandisha. Hung'aa kupita kiasi na ni ngumu kama kioo, ila tabaka moja tu hujaza mistari yote uliyoichimba, na mvuke wake una isosianeti, sumu ya mapafu ambayo barakoa ya chujio la kawaida si kinga ya kutegemea. Kwa modeli ya sentimita 17 haina maana.

TS-13 isikauke siku moja ukaanza kung'arisha. Wiki moja pwani, au hadi unuse kwa karibu usipate harufu. Kampaundi za Tamiya, yaani dawa za kung'arishia, ni mirija mitatu midogo: Coarse, Fine na Finish. Hapa hatuna malalamiko. Kama uso una vipele, sugua kwanza kwa 2000 yenye maji na sabuni kidogo, kisha 3000, halafu Coarse kwa kitambaa laini cha pamba, mikono ya duara, eneo la sentimita tatu kwa mara. Kama uso ni safi, anza na Fine moja kwa moja. Kabla ya yote bandika vipande vyembamba vya tepu juu ya migongo ya mabawa, ukingo wa boneti na kingo za milango. Klia pale ni nyembamba, na kusugua mara kumi kunaiondoa, mara ishirini kunafika kwenye waridi. Tepu itolewe mwishoni na ukingo upitishwe Finish tu, mara tatu nne. Mabaki meupe yanayoingia kwenye mistari yatolewe kwa mswaki laini na maji ya sabuni.

Baada ya kusafisha ndipo mistari ijazwe wino wa Panel Line Accent. Ni enameli, kwa hiyo kosa hufutwa kwa kiyeyushi cha X-20 bila kuidhuru laka iliyo chini. Angalia herufi: X-20A ni ya akriliki, si hiyo. Kwenye mwili mwekundu tumia ya kahawia. Nyeusi huifanya milango ionekane kama imekatwa na msumeno. Mpangilio huu wa familia za rangi ukumbukwe kwa kazi nzima: laka chini, enameli na akriliki juu. Laka juu ya enameli huikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka.

Mpira wa madirisha ni X-18, nyeusi ya kung'aa nusu, kwa brashi nyembamba au tepu. Kromu ya pembezoni mwa taa, kalamu ya Molotow ya milimita 1 inatosha, na ikishawekwa isiguswe siku kadhaa wala isipigwe klia, kwa kuwa hufifia na kuwa rangi ya sufuria. Taa za nyuma zipakwe fedha upande wa ndani kisha X-27, nyekundu ya kupitisha mwanga, upande wa nje.

Swali linalobaki ni vumbi. Safari ile ilikimbiwa wakati wa Pasaka, msimu wa mvua, na gari lililofika mwisho likiwa safi lingetiliwa shaka. Ukitaka vumbi, usijisumbue na Finish; acha klia kwenye hatua ya Fine. XF-57, rangi ya mchanga, ikichanganywa na XF-64, kahawia nyekundu, kidogo, sehemu moja ya rangi kwa kumi za kiyeyushi, hupulizwa kwa bunduki ndogo kutoka chini kwenda juu, nyuma ya magurudumu na kwenye bampa la nyuma. Udongo wa Tsavo ni mwekundu na gari ni jekundu, kwa hiyo usitegemee rangi kuleta tofauti. Kinachoonekana ni kwamba vumbi haling'ai. Vioo vifunikwe kwa umbo la wipa kabla ya kupuliza.

Kuhusu upatikanaji, makopo ya kupuliza ni mzigo hatari, na posta ya ndege haiyapokei. Anayeahidi kukutumia TS kwa posta ya kawaida kutoka Japani ama hajui, ama anaficha yaliyomo, na mzigo hukamatwa njiani. Kinachofika ni kwa meli, au kupitia duka lenye kibali. Ukibahatika kuagiza kwa meli, gawa nafasi hivi: praima mbili, klia mbili, nyeusi moja, nyekundu moja. Kila ukimaliza kupuliza, geuza kopo chini juu na bonyeza hadi itoke gesi tupu, kisha futa tundu kwa kitambaa chenye thina. Tundu likiziba, kichwa cha kopo huchomolewa na kulowekwa kwenye thina usiku mmoja. Usilichokoe kwa sindano, maana tundu likipanuka kopo lote lililobaki litatema matone.